Babu alinyoosha mkono ili tusiache kuja, sasa wanataka kumbatiza

Shikamoo Anti. Mimi ni dada wa miaka 31, nipo Mwanza, nina kistationari changu karibu na stendi, nina mume na watoto wawili. Naomba usitaje jina langu wala la kanisa coz wapendwa wengi wanakusoma.

Anti kanisani kwetu tuna idara ya matendo ya huruma na mimi ndo katibu, mwaka wa tatu sasa. Kila jumamosi ya kwanza ya mwezi tunaenda kwenye makazi ya wazee ya serikali, siyataji ni yapi. Tunachangishana, mwingine buku mbili mwingine elfu kumi, tunanunua sabuni za mche, sukari, unga, dagaa, mafuta ya kupaka na pampasi za watu wazima (hizo ndo ghali kuliko vyote jamani), tunakodi kosta tunaondoka. Tukifika akina mama tunafua na kudeki, vijana wanawanyoa wazee na kuwakata kucha, ikifika saa tano spika zinafungwa, yanaanza mapambio, linafuata neno, sala ya toba, halafu ndo vitu vinagawiwa. Ratiba niliikuta hivyo hivyo na sijawahi kuiwazia.

Sasa kuna babu mmoja, kitanda chake kipo dirishani. Nimemzoea kuliko wote, ananiita mke mdogo na mimi namwita mume wangu, hata mume wangu wa nyumbani anajua na huwa anamtumia salamu za mwanaume mwenzie. Asili yake Kilwa, alikuja Mwanza kijana akawa kuli bandarini, mkewe alishafariki zamani, mtoto wao mmoja alienda machimboni huko hajarudi mpaka leo na hakuna anayejua kama yupo hai. Macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, miguu inavimba, siku hizi kutembea ni mpaka ashikwe. Lakini mapambio anayapenda huyo mzee! Anapiga makofi kutupita sisi tuliookoka.

Mwezi wa nane mwinjilisti wetu akahubiri kwa moto sana, akauliza nani leo anampokea Yesu, Babu akanyoosha mkono. Anti watu walilia. Na mimi nililia, nilipiga magoti pale pale kwenye sakafu yenye maji. Kaka wa media akarekodi, jioni klipu ipo kwenye magrupu yote ya wasap, imeandikwa mzee wa miaka 80 aacha dini yake na kumpokea Bwana Yesu. Jumapili ikachezwa kwenye projekta, na sadaka ya makazi siku hiyo ilikuwa karibu mara mbili ya kawaida, najua coz mimi ndo naandika.

Baada ya kama wiki mbili nikaenda peke yangu siku ya kazi nimpelekee betri za redio. Nikamwambia mume wangu hongera kwa kuokoka. Akanyamaza. Akaniuliza kuna mtu hapo mlangoni? Nikamwambia hamna. Akasema mke mdogo, mimi nilizaliwa Muislamu na nitakufa Muislamu. Nikamuuliza sasa ule mkono? Akasema nilinyoosha ili mrudi mwezi ujao, nilimsikia yule kijana wenu anasema mkiona watu ni wagumu mnahamia kituo kingine. Na ni kweli Anti, mwinjilisti aliyasema hayo maneno, alikuwa anatania kwenye maiki, tukacheka.

Halafu akaniambia jambo ambalo linaninyima usingizi. Alisema MV Bukoba ilivyozama mwaka 1996 yeye alikuwa mmoja wa waliokuwa wanabeba miili, akaona watu wanapelekwa kuzikwa Igoma haijulikani huyu nani, mtoto wa nani, dini gani. Anasema tangu siku ile anaogopa kitu kimoja tu duniani, kufa asiwepo wa kusema huyu alikuwa nani. Akanishika mkono akaniomba siku yake ikifika nihakikishe ameoshwa, amevishwa sanda na ameswaliwa. Na nisimwambie mtu kanisani, coz akiwakosa nyie atabaki na ukuta.

Mimi nikasema ndiyo. Sikuwaza, nilisema tu ndiyo.

Sasa ubatizo umepangwa jumapili ya kwanza ya mwezi wa 11, ziwani, na Babu yumo kwenye listi namba moja. Mama mchungaji ameshampima kanzu nyeupe. Mume wangu ni kiongozi wa sifa, nilimtupia kama mfano tu, nikasema hivi mtu akiokoka halafu akasema bado yupo dini yake inakuwaje, akajibu hapo shetani amekuja kulinyakua neno, ni kumwombea tu. Na mimi naamini Anti, usinione vuguvugu, naamini Yesu ndo njia. Ndo maana najiuliza, nikimsaidia azikwe Kiislamu si nitakuwa nimemsindikiza mwenyewe kuzimu? Na nikinyamaza akatumbukizwa kwenye maji huku najua kabisa anafanya ili asiachwe, hiyo nayo dhambi ya nani? Mwaka jana kuna bibi alifariki pale, hakutokea ndugu hata mmoja, waliozika ni wahudumu na sisi tisa. Picha ya siku ile naiona kila nikifumba macho ila aliyelala pale ni Babu.

Nafikiria kuacha hiyo idara kabisa, nibaki kwenye kwaya. Nisaidie.

Mke mdogo, Mwanza

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na poleni na bei ya pampasi, mwenye mzazi wa kuuguza ndo anaijua.

Ngoja nikurudishie ulichoniambia, nikikosea utanirekebisha. Una mzee unayempenda. Kanisa lako linaamini limempata, yeye amekuambia kwa siri kwamba hajahama, ila amejifanya kuhama kwa sababu anaogopa kuachwa. Ulimuahidi mazishi ya dini yake kabla hujapata hata dakika ya kufikiri, na sasa kila upande ukigeuka kuna mtu utamsaliti, iwe ni Babu, kanisa, mumeo au Mungu wako mwenyewe. Na njia unayoiona nyepesi ni kukimbilia kwaya.

Kwanza nataka nikuulize kuhusu huo mkono. Nyie mliuona ni jibu la swali la mwinjilisti, nani anampokea Yesu. Lakini ukisikiliza alichokuambia Babu, yeye alikuwa anajibu swali lingine kabisa ambalo alilisikia kwenye utani wa maiki, nani anataka turudi mwezi ujao? Kwa mtu asiyeona vizuri, hana mke, hana mtoto, anayehesabu mwezi kwa ujio wa kosta yenu, swali ni hilo moja tu. Sisemi mwinjilisti ni mtu mbaya, huenda angeambiwa leo angeumia kuliko wewe. Ila hiyo ratiba uliyosema hujawahi kuiwazia, hebu iwazie sasa, mapambio, neno, toba, ndipo sabuni. Hakuna aliyewahi kutamka kwamba asiyetubu hapati sukari, nina uhakika hamna moyo huo, lakini mzee aliyekaa kwenye benchi anauona mzigo wa sukari pale pembeni tangu saa tano, na yeye ana akili zake.

Wewe ni mtu wa Biblia kwa hiyo nitakukumbusha ya huko huko. Kipofu Bartimayo, kila mtu aliona shida yake ni nini, ila Yesu bado alimuuliza unataka nikufanyie nini. Yule aliyeugua miaka 38 pale birikani naye aliulizwa kwanza kama anataka kupona, na unakumbuka alijibuje? Hakujibu ndiyo wala hapana, alisema sina mtu. Mwanangu mimi nilivyofika kwa Babu wako na ule ukuta wake nikakumbuka hapo hapo.

Sasa hili la kuzimu, maana najua ndo linalokuamsha saa nane usiku. Mimi si mchungaji na sitajifanya nina funguo za huko. Wala sitakuambia imani yako uipunguze, ungeipunguza hata Babu asingekuamini, amekuamini kwa jinsi ulivyo. Ila tenganisha vitu viwili ulivyovifunga kwenye kanga moja. Kuna Babu anaamini nini, hilo lipo kati yake na Mungu na hata ukimwogesha ziwa zima hulibadilishi. Na kuna Babu aheshimiwe vipi akishakufa, hilo lipo mikononi mwa walio hai. Unadhani sanda na swala ya jeneza ndo vitamhamisha sehemu? Jiulize kwa imani yako mwenyewe, usijibu kwa ile hofu ya usiku.

Na kuna swali ambalo ningetamani mchungaji wako alisikie bila hata kutaja jina la mtu. Kanisa lenu linabatiza nani? Kama ni kama makanisa mengi ya ubatizo wa maji mengi ninayoyajua, mtu anaamini kwanza ndo anabatizwa. Yule towashi wa Kushi kwenye Matendo 8 aliyaona maji akasema mwenyewe kuna kitu gani kinanizuia, Filipo hakuwa amemwandika kwenye listi namba moja. Kwa hiyo usije ukadhani kwamba mtu anayesema "tusimbatize huyu kwanza" anapigana na kanisa, inawezekana ndo anayelinda mafundisho ya kanisa kuliko wote mliokaa kwenye kamati.

Umesema pia ukisema utakuwa umevunja siri. Ni kweli, na siri ya mzee si kitu cha kuchezea. Lakini angalia Babu alikuambia vitu vingapi siku ile. Alikuomba usiseme kanisani, na alikuomba uhakikishe mazishi. Hivi viwili vikikaa pamoja muda mrefu vitagombana, kwa sababu huwezi kumzikisha mtu Kiislamu kimya kimya wakati kwenye simu za watu mia tatu kuna klipu inasema ameacha Uislamu. Siku hiyo ikifika utakuwa unabishana na wapendwa mbele ya maiti. Kwa hiyo pengine anayetakiwa kukufungua kwenye hiyo siri ni yeye mwenyewe. Umeshamwambia kwamba kuna tarehe ya ubatizo? Kwenye barua sijaona. Anajua kama kuna klipu? Macho yake hayo sidhani kama aliuona mkono wake kwenye simu ya mtu.

Ningekuwa wewe ningeanzia hapo, kwa Babu, siku ya kazi, bila kosta na bila mfuko wa sabuni. Mwambie yote. Na mwambie kabla ya yote, tena kwa ule utani wenu, kwamba mke mdogo hatoi talaka, akiwa Muislamu utakuja, akiwa Mkristo utakuja. Halafu umwache aseme. Na hapa nikuombe uwe tayari kwa kitu ambacho hata mimi sikijui, huenda akakuambia kitu cha tatu. Wazee huwa hivyo. Anaweza akasema bado ni Muislamu ila maombi yenu anayataka, au akasema hata yeye hajui, au siku hiyo akasema kweli anataka kubatizwa. Kupenda mapambio na kupiga makofi si ushahidi wa upande wowote. Mimi nimekulia nyumba ambayo bibi alikuwa Mlutheri na babu Muislamu, pilau la Idi na la Krismasi lilitoka kwenye sufuria moja, na babu alikuwa anaimba tenzi za bibi akiwa anatengeneza baiskeli. Alipofariki akina mama wa kanisa la bibi walijifunga kanga kichwani wakaja kupika msibani siku tatu. Hakuna aliyeuliza nani kashinda.

Akikuruhusu, kuna mlango wa mchungaji. Uende wewe, au wewe na mumeo, faragha, sio kikaoni na sio kwa meseji. Sio lazima umweleze kila kitu, unaweza ukasema tu kwamba Babu hayuko tayari na ameomba asibatizwe, inatosha. Hatari zipo, sikufichi. Anaweza akakuelewa vizuri sana. Anaweza pia akasema maneno ya mumeo, kwamba ni shetani, akaitisha maombi ya kufunga na jina la Babu likatajwa madhabahuni, ikawa mbaya zaidi. Wewe unamjua mchungaji wako, mimi simjui. Ila nakuuliza, umeshawahi kumpelekea jambo gumu akakuangusha, au unaogopa tu kwa sababu mama mchungaji ameshapima kanzu? Kanzu inaweza kuvaliwa na mwingine.

Mlango mwingine ni afisa mfawidhi wa makazi, au afisa ustawi wa jamii. Makazi ya namna hiyo mzee huwa na faili lake, na hapo ndo pa kuandika dini yake, mtu wa kuitwa akizidiwa, na anataka kuzikwaje. Babu akilisema hilo yeye mwenyewe mbele ya afisa, wewe umeshatua nusu ya mzigo, na msikiti wa karibu unaweza kujulishwa na ofisi badala ya wewe dada wa kilokole kwenda kubisha hodi kwa sheikh. Ningesita kidogo kwa hilo la wewe kwenda mwenyewe, si kwamba ni kosa, ila mji ni mdogo na stori ikigeuka kuwa wamemnyang'anya mzee wetu au wamemrudisha kafiri, Babu atakuwa kamba ya kuvutana. Na ofisini nako pana hatari yake, afisa akisikia kuna wazee wanabadilishwa dini ili wapate sabuni anaweza akafunga geti kwa kanisa lenu lote, na hapo wazee wote wanakosa kufuliwa na kunyolewa kwa ajili ya jambo la mmoja. Kwa hiyo ukienda, nenda na ombi la Babu, usiende na mashtaka ya kanisa.

Katiba yetu ibara ya 19 inasema kuabudu na kutangaza dini ni huru na ni hiari ya mtu binafsi. Hiyo inawalinda nyie mkihubiri na inamlinda Babu akisema hapana. Na ile klipu, tangu sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 ianze kufanya kazi mwaka 2023, dini ya mtu ni taarifa nyeti, kuirusha hovyo bila idhini yake si jambo dogo. Sikutajii sheria ili umtishe kaka wa media, mwambie tu kama dada yake, kaka futa ile, mzee hakuulizwa. Zilizokwisha kusambaa hazirudi, ila anaweza akaacha kuongeza.

Kuhusu kuacha idara. Sikukatazi, umechoka na unahesabu sadaka ambayo inakuchoma mkono. Lakini ukienda kwaya, nani atakwenda kumnyoa Babu? Akija mwingine asiyejua lolote, ubatizo utafanyika na hutakuwepo hata kwenye kosta. Labda si kuacha, labda ni kukaa kwenye hicho hicho kiti cha ukatibu na kuomba kitu kidogo kwenye kikao kijacho, kwamba vitu vikabidhiwe stoo ya makazi asubuhi mkifika, kabla ya spika kufungwa, wahudumu wagawe wenyewe kwa wakati wao, na neno lihubiriwe kwa anayetaka kukaa. Wapo watakaosema sasa si watatukimbia. Wakikimbia mtakuwa mmejua kitu, na wakibaki pia mtakuwa mmejua kitu. Hilo unaweza kulisema bila kumtaja Babu hata mara moja.

Mumeo nimemwacha mwisho. Ulimpa mfano, naye akajibu mfano. Mwanaume anayemtumia salamu mwanaume mwenzie kila mwezi labda anastahili kuulizwa swali lenyewe, kama Babu atakubali. Hiyo usiku wa manane unaipitia peke yako wakati mtu amelala pembeni.

Mwezi wa 11 haupo mbali, kwa hiyo usikae sana na hii barua. Ukienda, mbebee betri maana zile zitakuwa zimeisha, na beba daftari moja kutoka hapo dukani kwako. Muulize jina lake lote mpaka la babu yake, kijiji alichozaliwa huko Kilwa, mkewe alikuwa anaitwa nani, yule mtoto wa machimboni alizaliwa mwaka gani, uandike. Umsomee alichosema, akirekebishe. Halafu utaniandikia.